Marcellin amekataa maji njia ya Bugarama

Lisette, Marcellin yuko hospitali. Anapumua, usianze kulia.

Ni ile safari yake na wanaume wenzake wa kwaya, kukimbia toka mjini mpaka Bugarama. Kilomita zaidi ya thelathini, yote mlima, na mutu ana miaka hamsini na mbili! Mi nilidhani wanapunguza matumbo.

Kumbe walikuwa wamefunga. Kufunga kavu, Lisette! Siku ya pili bila tone la maji! Eti atakayefika juu bila kunywa, Mungu atamjibu.

Mwenzake mmoja amenipigia simu, nikapanda taksi. Nimemkuta amelala kando ya barabara, midomo imepasuka. Namuwekea chupa, anauma meno.

"Apana, Mama Divin. Imebaki kona tatu."

Kona tatu!

Nikamuuliza, "We unamuomba Mungu nini? Si ulishakuwa shefu, mkubwa wa depo nzima?"

"Walinifukuza mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu, Lisette. Sasa ni wa saba. Kila asubuhi nampigia shati pasi, anatoka, anarudi jioni ananiambia kazi imemchosha.

Nilitaka kumzaba kofi. Nikakaa chini kwenye majani. Nikamwambia, "Basi nimejua, na bado niko hapa. Kunywa."

Amekunywa chupa nzima, analia.

Hapa hospitali wamemuwekea seramu, maji ya mshipa. Daktari anangoja akojoe, ajue figo ni nzima, na tangu saa nne bado. Mi naangalia ule mfuko wa mkojo tu.

Tuombee. Lakini usifunge, tafadhali, kula kwanza.