Hesabu ya Kisiwani

Alhamisi, 3 Agosti 1995. Lodwar

Shuka za mwanzo zimekauka kabla sijamaliza kuanika za mwisho. Bomba nalo limekauka. Punda wa maji hajafika. Mgeni wa chumba cha tatu ananiuliza habari za kuoga kana kwamba mto Turkwel ni mali ya bibi yangu.

Meneja ameniita saa nne. Kuna walimu kumi na mmoja wa shule za kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Shirika lao limewapa zawadi: siku moja ya kutembea Kisiwa cha Kati, huko ziwani. Nyumba yetu ya wageni itawalaza na kupanga safari. Wa kupanga ni mimi. Wa kuongoza ni mimi. Eti Akiru ni mtu wa hapa.

Mtu wa hapa. Kwetu tulikuwa na mbuzi, hatukuwa na mashua. Ziwa nimeliona mara mbili maishani na mara zote nilisimama mbali. Kuogelea sijui. Nimesema sawa kwa sababu kazi ni kazi. Kisha nikaenda stoo nikakaa juu ya gunia la mahindi.

Ijumaa, 4 Agosti

Mgeni mmoja wa mwaka jana aliacha kijitabu cha Kiingereza kuhusu likizo za meli kubwa, zile zinazozunguka visiwa vya nchi za joto. Nimekisoma chote leo. Wanashauri ushuke mapema kabla jua halijakomaa. Unywe maji kabla ya kiu. Viatu vya kufunga, si ndara. Kofia iwe na kamba. Dawa na karatasi zako ziwe ndani ya plastiki. Usile ukashiba kabla ya kupanda chombo. Tena ubebe nguo ya dansi ya jioni. Hilo nimeliruka.

Wanasema meli haimngoji mtu. Na kwamba kiongozi awahesabu watu wake wakishuka, awahesabu tena wakipanda. Hapo nimepiga mstari mara mbili.

Mama akiuona mstari huo atanuna. Kwetu mtu hahesabiwi. Muulize Mama ana watoto wangapi, atakutajia majina, au atasema tu wapo. Kuhesabu watu ni kukiita kifo kije kuchagua. Mimi nilisoma Kitale, cheti ninacho. Nahesabu shuka kila siku na hakuna iliyokufa.

Jumatatu, 7 Agosti. Kakuma

Nimeyaandika mashauri yangu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikayaleta mwenyewe. Tumekuja kwa msafara, askari mbele na nyuma kwa ajili ya majambazi. Hofu ya barabara hiyo nimeizoea kama viroboto. Hofu ya maji bado ni mpya.

Nimewasomea walimu darasani chini ya mabati. Mwalimu Deng, mcheshi wao, ameuliza kama mamba wa kisiwani wameonyeshwa vibali vyetu vya kutoka kambini. Wamecheka wote. Mimi sikucheka vizuri.

Mmoja hakucheka kabisa. Mwalimu Yar. Mrefu, mkimya, shanga nyeupe shingoni. Baadaye amenikaribisha kwake chai na kuniambia hatakuja. Mwaka waliokimbia Sudan walivuka mto kwa kamba. Yeye alikuwa wa mwisho. Kamba ikakatika. Wenzake wakaenda. Alikaa ng'ambo siku mbili peke yake, mamba wako majini, mpaka kundi lingine likampitia.

"Maji naogopa," amesema. "Lakini kuachwa naogopa zaidi."

Nimemshika mkono. Nimemwambia hata mimi maji yananitoa jasho, basi tutaogopa pamoja. Nimemwambia sitamwacha. Nitawahesabu wote kwa kidole changu hiki. Amekubali.

Sasa nina ahadi mgongoni. Nimeuona uzito wake nilipokuwa natoka.

Jumatano, 9 Agosti

Nimekwenda Kalokol kumwona mwenye mashua. Jina lake Ekai. Wa makamo, tumbaku shavuni, mkali. Mashua ni ya mbao, mashine iko nyuma, imefungwa kwa waya. Nimeuvuta ule waya kwa mkono kuona kama unashika.

Jaketi za kuelea zilikuwa nane. Nikamwambia pasipo kumi na mbili hakuna safari. Amelalamika, halafu amezipata.

Nikamwambia tutakuwa watu kumi na wawili pamoja na mimi. Amegeuza uso na kutema. Ameniambia niwalete tu, yeye atawaona.

"Mimi nilichunga mbuzi zamani, dada. Hakuna kuhesabu. Naangalia rangi. Ile haiko, najua mara moja."

Nikaona nimepata nahodha wa mbuzi. Nikamuuliza habari za upepo.

"Upepo ya hii ziwa haina saa. Tunaenda mapema, tunarudi mapema. Ikiamka, hakuna kuambia ngoja."

Hilo nimeliongeza kwenye karatasi, kwa Kiswahili changu.

Ijumaa, 11 Agosti

Walimu wamefika. Wote wana viatu vya kufunga isipokuwa Yar, ana ndara. Nimempa raba zangu. Zimembana. Amesema zinatosha.

Nimeandaa maji, chapati, glukosi, plasta, kamba, turubai. Nimeangalia mara nne. Naogopa. Sina neno jingine la kuandika.

Jumamosi, 12 Agosti. Kalokol, jioni

Niandike yote kwa utaratibu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Maji yalikuwa yametulia. Yar alikaa kando yangu, goti lake limegusa langu. Tulipokanyaga mchanga mweusi wa kisiwa alicheka kwa mara ya kwanza. Nikawahesabu. Kumi na wawili pamoja na mimi.

Niliwapanga wawili wawili. Yar na Deng. Tukapanda kuona ziwa la kwanza lililo ndani ya kisiwa, kijani, na mamba wamelala pembeni, wengi. Watu walifurahi. Na mimi nilianza kufurahi, na hapo ndipo nilipolegea.

Saa nne na nusu Deng akaanza kutapika. Chapati nyingi asubuhi, nilimwonya. Wawili wakambeba hadi mashuani. Yar, raba zikimbana, akaambiwa aje nyuma yao. Hakuna aliyetazama kama anakuja.

Saa tano upepo ukaamka. Haukubisha hodi. Mchanga machoni, mawimbi yakipiga mashua kwenye mawe. Ekai akipiga kelele tuondoke. Mvuvi mmoja aliyekuwa amepiga kambi pale, mgonjwa wa homa, akaniomba tumvushe. Nilimkubalia mwenyewe. Nikamwambia achukue jaketi. Moja ilikuwa sakafuni, akaivaa. Sikujiuliza ya nani.

Watu walijikunyata chini ya turubai na kanga, vichwa tu. Nikahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili.

Ekai akasema wafunue nyuso awaone kwanza. Nikamwambia nimekwisha kuhesabu. Akasema tena. Nikamkatiza, nikamwambia hawa si mbuzi. Nilimwambia hivyo mbele ya watu. Akawasha mashine.

Tulikuwa tumekwenda karibu nusu saa wimbi lilipolitwaa turubai. Ekai akaangalia mara moja tu.

"Yule mwalimu mrefu iko wapi?"

Mtu wa kumi na mmoja alikuwa mvuvi. Jaketi aliyovaa ilikuwa ya Yar. Aliivua tuliposhuka kwa sababu ya joto, akaiacha mashuani.

Nilipiga kelele turudi. Ekai akajaribu. Mashua ilipokaa ubavu kwa wimbi, maji yakaingia mpaka kwenye mapaja, watu wakaanza kulia. Akairudisha. Akasema akigeuza tunakufa wote. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi. Hakugeuka hata kunitazama.

Mvuvi amesema ameacha jerikeni yake ya maji ya kunywa, maana ya ziwa yana magadi, chini ya jiwe kubwa, karibu na pale tuliposhukia. Yar akiiona ataishi. Asipoiona, sijui. Jua lote la leo lilikuwa lake.

Polisi wameambiwa. Hakuna mashua inayotoka. Upepo bado. Ekai amesema alfajiri ukishuka ataenda, na mimi nibaki. Nimemwambia sibaki.

Nilimshika Yar mkono nikamwambia sitamwacha. Mimi, kwa mdomo wangu.

Jumapili, 13 Agosti. Kalokol

Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza nisije nikazimia kabla ya kuliandika.

Upepo ulipungua saa kumi na moja alfajiri lakini haukwisha. Tulikwenda Ekai, mimi na askari mmoja. Njia nzima nilishika mbao mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitapika mara tatu. Sikuomba turudi.

Jerikeni haikuwa chini ya jiwe. Nikapata moyo. Kisha nikaona mchanga. Mamba alikuwa amepita pale, tumbo limeburuta mfereji kutoka majini kwenda juu, na kando ya mfereji kulikuwa na raba yangu moja.

Nikaita. Ekai akaita. Askari akapiga filimbi. Kimya. Tulipanda mawe yale tukiita karibu saa nzima. Nilikuwa nimekwisha kuanza kupanga maneno ya kuwaambia watu wake, na kwamba nisirudi Lodwar, niende mahali ambapo sijulikani.

Ekai ndiye aliyemwona. Juu kabisa kwenye ukingo, amekaa, amekumbatia jerikeni, uso umeelekea Kalokol. Mahali pale unaona mashua yoyote inayokuja. Unasikia pia. Alituona tangu tuko mbali. Alitusikia muda wote.

Midomo imepasuka, mguu mmoja peku unavuja damu. Nikapiga magoti. Nikasema, Yar, nilikuwa nakuita.

"Najua," akasema. "Jana niliita mimi mpaka sauti ikaisha. Leo ilikuwa zamu yenu."

Alistahili kusema zaidi.

Kwenye mashua alikaa karibu na Ekai. Ekai alimfunga jaketi mwenyewe, akavuta kamba zote mara mbili. Mimi nilikaa mbele peke yangu, na wimbi lilipopiga niliogopa bila goti la mtu kando yangu.

Jumatano, 16 Agosti. Lodwar

Meneja ametaka ripoti. Ameshauri niandike kwamba hali ya hewa ilibadilika ghafla. Nimeandika hivyo, ni kweli. Kisha nimeandika kwamba nilihesabu vichwa bila kutazama nyuso, nikamzuia nahodha asizitazame. Amesoma, amekuna kichwa, ameipiga muhuri.

Nimemweleza Mama. Nilitegemea mahubiri juu ya kuhesabu watu. Hakuhubiri. Ameendelea kupepeta mtama, halafu ameniuliza kitu kimoja.

"Ulipofika kumi na mbili, ulikuwa unaangalia nani?"

Nilikuwa naangalia kidole changu. Sikumwambia. Nadhani amejua.

Silali vizuri. Nikisikia upepo kwenye mabati naamka nimekaa.

Jumatatu, 21 Agosti

Deng ametuma barua na dereva wa lori. Walimu wote wako salama. Mguu wa Yar unapona. Anafundisha. Barua yake yote hakuna mzaha hata mmoja, na yeye anajilaumu kwa chapati. Yar mwenyewe hajaniandikia.

Nimeomba ruhusa Jumamosi.

Jumamosi, 26 Agosti. Kakuma

Nimekuja na msafara wa asubuhi. Nimeleta sukari, majani ya chai na bandeji. Nikafika mlangoni kwake. Nilimwogopa kuliko nilivyoliogopa ziwa. Nikasema ejok, salamu ya kwetu. Akaitikia ejok, akanipa kiti.

Tulikunywa chai. Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa maneno machache kwa sababu mengi yangekuwa ya kujitetea. Akasikiliza. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Kisha akanionyesha daftari za watoto, akacheka kidogo juu ya mmoja aliyeandika kwamba tembo hutaga.

Saa saba msafara wa kwanza wa kurudi Lodwar ulikuwa unajipanga. Akanisindikiza mpaka barabarani, akichechemea, kama mwenyeji yeyote amsindikizavyo mgeni wake. Nikapanda pikapu. Watu wakasogea, nikapata nafasi. Yar akasimama kando ya barabara, mikono imeshikana mbele, akingoja gari liondoke.

Nikamwona. Nilimtazama usoni, si kwa kuhesabu. Taya limekazwa. Macho yake yako kwenye magurudumu.

Nikashuka. Dereva akaguna, msafara ukaondoka bila mimi. Yar akaniuliza nimesahau nini. Nikamwambia sijasahau kitu. Nikamwambia safari hii aondoke yeye, arudi nyumbani; mimi ndiye nitakayebaki.

Hakuuliza kwa nini. Akafunga kanga yake, akaanza kwenda. Alipofika kwenye ua wa miiba akageuka kutazama. Nilikuwepo. Akaenda tena, akageuka tena karibu na kisima. Nilikuwepo. Kisha akapita nyuma ya madarasa na sikumwona tena.

Msafara mwingine ni saa tisa. Nimekaa juu ya jiwe la barabarani, naandika hapa.