Vidonge Alivyokuja Kuviomba Mama Mkwe

Mama yangu uliyelala Mlandizi,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo neno ninaloamka nalo kila asubuhi, na laiti ningeweza, ningekuja kulitangaza juu ya kaburi lako mpaka wauza nyanya wa barabarani wageuke. Anaitwa Shabani. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha hapa hapa Mlandizi, na jioni anarudi ananuka chuma kilichoungua. Harufu hiyo, mama, naipenda kuliko udi. Mikono yake imejaa makovu ya cheche, lakini akinishika utadhani amebeba yai. Nikicheka ananitazama kama mtu aliyerudishiwa umeme baada ya kukaa gizani wiki nzima. Ungekuwepo ungeniambia, "Wewe mtoto, punguza sukari." Siwezi, mama. Imeshamwagika yote.

Lakini ninaogopa, na ndiyo maana nakuandikia. Woga tunajuana nao tangu utotoni, ila huu ni mwingine. Zamani sikuwa na kitu cha kupoteza zaidi ya mkono wako. Sasa nina mume, nina vyumba viwili vya kupanga vyenye mapazia niliyoyashona mwenyewe, na nilipata mama mkwe aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Niliogopa kwamba siku akijua ninachoishi nacho damuni, atamwambia mwanawe anirudishe kwetu. Na kwetu kulikuwa ni wewe. Hata sasa, baada ya yote nitakayokusimulia, woga huo haujanitoka.

Kwao Shabani ni Msimbu, Kisarawe. Ndiyo, mama, Kisarawe. Cheka tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiondoka kabla jua halijatoka? Kliniki ilikuwepo karibu na nyumbani, tungekwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Wewe ukanivusha wilaya hadi Kisarawe, ili mtu wa Mlandizi asituone kwenye lile benchi. Majirani uliwaambia tunakwenda kumwangalia bibi. Hatukuwa na bibi yeyote Kisarawe. Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akawa anatupa mihogo tumpelekee mgonjwa, nasi tunaitafuna njiani. Tukirudi anauliza miguu ya bibi inaendeleaje, na wewe unajibu kwamba ana nafuu kidogo, ila baridi inamsumbua. Kopo la dawa ulilijaza pamba lisilie, ukalifunga ndani ya kanga. Mimi nilikuwa mdogo kiasi kwamba niliamini bibi yupo, ila kila tukienda tunakuta ametoka.

Halafu ile siku shambani, nilipokuwa darasa la nne. Tulikuwa tunapalilia, ukaacha jembe, ukaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini mimi na wewe tunameza dawa kila siku na wenzetu hawamezi. Nikakujibu kwamba nilidhani kila mtoto asiye na baba anameza. Ulicheka, mama, ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tuta, halafu kicheko kikageuka kilio, nami nikabaki nimeshika jembe, sijui nicheke au nilie. Ndipo ukaniambia jina la kitu chenyewe, polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Ukaniambia baba alikufa nacho, wewe unaishi nacho, nami nilizaliwa nacho. Ukaniambia nikikimeza kidonge changu kila siku, hicho kitu kinalala. Nikauliza kama kitalala mpaka nizeeke. Ukasema, "Usipochoka wewe, kitalala."

Masika ya mwaka ule njia ikakatika, tukarudi katikati ya safari bila dawa, tumelowa. Nilidhani utalia tena. Kesho yake ukavaa gauni lako la sikukuu, ukanishika mkono, tukaenda kliniki ya nyumbani, ukakaa benchi la mbele kabisa na kuwasalimia watu kwa majina yao. Mama Zuhura alikuwepo, amempeleka mjukuu kupimwa uzito. Akakutazama. Ukamwambia, "Shoga, nimechoka kumlisha bibi asiyekuwepo." Tangu siku hiyo hukunyamaza tena. Ulizungumza na wajawazito, ulizungumza na vijana wa bodaboda, ulizungumza hata na watu ambao hawakukuuliza. Na ilipokuja saratani ya kizazi ikakuchukua, nikiwa kidato cha tatu, walikuzika wanawake wengi uliowafundisha kumeza dawa. Mama Zuhura akanichukua kwake mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Kazi yako sasa naifanya mimi. Ni mwelimishaji rika pale kliniki. Nasimama mbele ya akina mama wenye matumbo, nasema naishi na virusi tangu kuzaliwa, nameza dawa kila siku, virusi vimefubaa mpaka kipimo hakivioni, simwambukizi mume wangu, na nikifuata maelekezo nitazaa mtoto asiye navyo. Siku moja mama mmoja akauliza huyo mume nimempa nini mpaka akatulia. Nikamjibu nimempa chapati. Benchi zima likacheka. Unaona? Mbele ya wageni mimi ni simba.

Shabani nilimwambia kule Soga, kabla ya posa. Alikuwa anafunga geti la mteja, nami nimempelekea chakula. Tukakaa kando ya uzio tukitazama treni ya umeme ikipita, nikamwambia yote ikiwa bado inapita, ili asipopenda aseme hakusikia. Alisikia. Akamaliza kula, akarudi kazini. Simu yake haikulia siku ile wala ya pili, na ya tatu akaja mlangoni kwa Mama Zuhura amevaa shati la pasi. Alikuwa amekwenda kupima, amekaa na muuguzi akauliza maswali yote. Akaniambia, "Nimeuliza, nimejibiwa. Sasa niambie mahari mnataka nini." Nilimpenda kabla ya hapo, lakini hapo nilimpenda upya. Tukakubaliana kwamba kwa mama yake neno hilo ni langu, nitalisema mwenyewe nikiwa tayari. Sikuwa tayari.

Harusi ilipokwisha tulikaa fungate kwao Msimbu, kama desturi yao inavyotaka. Bibi harusi haoshi chombo, hachoti maji, analetewa kila kitu chumbani. Ni raha, lakini hakuna mtu asiye na faragha kama bibi harusi. Jioni simu yangu ilikuwa inalia kunikumbusha dawa, nami nageukia ukutani nameza haraka. Mama mkwe alikuwa akiingia na sinia la chakula. Aliona. Akaweka sinia akatoka, nami nikajidanganya kwamba hakuona.

Miezi ikapita. Juzi hizi akaja Mlandizi na kapu la mihogo na jogoo aliyefungwa miguu, akasema atalala. Shabani alikuwa kazini. Nikamwamkia, nikampikia, akala akanisifu mchuzi. Alipokwisha kunawa akaninyooshea mkono, kiganja juu.

"Mwanangu, nimekuja kuviomba vile vidonge."

Nikamuuliza vidonge gani, ingawa moyo ulishajua.

"Unavyomeza simu ikilia. Niliviona kwenye fungate nikanyamaza, bibi harusi ana haya zake. Ila Shabani ndiye mwanangu wa kiume pekee, na mimi nataka kumbeba mjukuu kabla mgongo haujakataa. Nipe nikavitupe chooni, tusigombane."

Alidhani ni vya uzazi wa mpango, mama. Wala hakuwa na hasira, alikuwa ananibembeleza. Na mimi, simba wa benchi la kliniki, nikaanza kutafuta uongo. Nilifikiri kumwambia haya, nitaacha. Nilifikiri hata kumpa, akavitupe, halafu nikachukue vingine. Angeondoka kwa furaha. Lakini kila mwezi angetazama tumbo langu na kuhesabu, na siku akinikuta ninameza tena, ningekuwa mwongo juu ya mengine yote. Nikatazama kile kiganja chake kilichopasuka kwa jembe. Nikasema, "Mama, hivyo havizuii mtoto. Hivyo ndivyo vinavyoniweka hai." Nikamwambia yaliyobaki. Kwamba nina virusi vya ukimwi, nilizaliwa navyo, na Shabani tumempima mara kadhaa, hana.

Mkono wake ukabaki hewani. Halafu akaurudisha taratibu na kuufuta kwenye kanga yake, kama aliyegusa kitu. Huko kliniki huwa nawaambia watu wasilitilie maanani jambo kama hilo, kwamba mtu anapofuta mkono hajui tu. Mimi lilinichoma.

Akauliza kitu kimoja, "Alijua kabla ya posa?" Nikasema alijua. Akavaa ndala zake, akaondoka mchana ule ule.

Shabani aliporudi alimkuta jogoo uani bado amefungwa miguu. Alitaka kuwasha pikipiki amfuate, nikamzuia. Usiku wa siku ile na siku zilizofuata alinishika mkono tukiwa tumelala, kana kwamba kuna mtu atakuja kunichukua. Nilimpenda zaidi na nikaogopa zaidi, maana nilijua ninachokaribia kupoteza kina uzito gani. Kichwani nilishapanga nguo zangu kwenye begi. Nguo nyeupe juu, sufuria zako chini.

Kisha mama mkwe akapiga simu. Hakumpigia mwanawe, alinipigia mimi. Akasema nije Msimbu kesho, kuna mahali tunakwenda, akakata. Njia nzima nyuma ya pikipiki nilikuwa na hakika ni kikao cha ukoo. Nilijifunza maneno ya kujitetea, yakanitoka yote kwenye mashimo ya barabara. Tulipofika hapakuwa na kikao. Alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda, akamwambia Shabani akae pale, haya ni ya wanawake. Bodaboda ikatupeleka Marui, kwa mdogo wake. Tuliposhuka, tukitembea kwenye kijia katikati ya mihogo, ndipo aliposema, bila kugeuka, "Siku zote hizi silali. Nakuchukia, nakuhurumia, nakuchukia tena. Nikamkumbuka Tatu."

Tatu ni binti wa mdogo wake. Alirudi kutoka mjini amekonda, akaingia nyuma ya pazia, hatoki. Watu wameambiwa ni malaria, halafu mganga mmoja akasema ametupiwa kitu. Mama mkwe akainua lile pazia, hakuzungusha maneno.

"Tatu, huyu mke wa Shabani. Naye anayo hiyo yako, kazaliwa nayo. Hebu mtazame alivyo."

Mama, nilitamani ardhi inimeze. Mama yake Tatu alikuwa mlangoni na ungo mkononi, majirani wawili wako uani, wote wamesikia. Siri uliyoifungia pamba miaka yote ile imesemwa kwa sauti ya kuitia watu chakula, na Marui ingeifikisha Msimbu kabla yetu. Nikaanza kusema ninayosema kliniki. Tatu hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama hina iliyofifia kwenye kucha zangu.

"Alikuoa akijua?"

"Akijua."

"Hakuambiwa baadaye?"

"Nilimwambia mwenyewe. Kabla."

Akageukia ukutani. Halafu akasema huko alikotoka walikuwa wanamcheka kwamba amekanyaga waya, wala hakuna mwanamume atakayemsogelea tena, sasa dawa ameze za nini. Alikuwa ameziacha. Nikamwambia asizianze tena mwenyewe kimyakimya, twende wakampime kwanza, nitakaa naye benchini. Hakusema ndiyo. Aliomba maji ya kuoga, na mama yake akakimbia kuyaweka motoni.

Kurudi, mama mkwe alitembea mbele tena. Akaniuliza sasa mtoto atazaliwaje. Nikamweleza kwamba naendelea na dawa zangu nikiwa mjamzito, mtoto akizaliwa anapewa dawa ya maji, anapimwa, anapimwa tena. Akanirudisha nyuma mara nyingi. Mwisho akasema hajaelewa yote, nimrudie kesho. Nikajikaza nikamuuliza, na ukoo wakisema?

"Wakisema waje waniulize mimi. Mimi ndiye niliyekupokea."

Nakuandikia nikiwa Msimbu, nimekaa barazani. Tatu ametuma neno kwamba amekubali, kesho nakwenda naye hospitali. Shabani anatengeneza bawaba ya mlango wa mama yake na ananiangalia kila dakika, na mimi nikimwangalia nasahau ninachoandika. Lakini naogopa, mama. Namwogopa mjomba wake Shabani ambaye hajasikia bado. Naogopa siku nitakayoshika mimba, mimi ninayewafundisha wenzangu wasiogope. Naogopa macho. Asubuhi nilipita kisimani, wanawake wazima wanne wakakatisha maneno waliponiona. Ningeweza kurudi na ndoo yangu. Nikasimama, nikasema shikamooni. Wakaitika, mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Marahaba ya mwisho ilichelewa, nikaisubiri na ndoo mkononi, na ikaja.

Endelea kupumzika, mama yangu. Leo dawa nimeshameza.

Mwanao wa pekee,
mke wa Shabani