Viazi vya Mukabalisa

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa tisa

Nimemaliza na Mukabalisa. Basi! Miaka yote nanunua viazi kwenye meza yake, hapo nje ya uzio wetu, na leo ananipimia ndoo bila nyongeza. Hata kimoja! Mwanamke wa mbele yangu kaongezewa vitatu. Nimeuliza kwa nini. Ati yule ni mkimbizi, ana watoto, na mimi nivumilie, barabara ya Masisi mbaya, wakulima nao lazima walipwe vizuri. Nivumilie! Nimemwaga ndoo palepale chini. Nimemwambia viazi vyake hata nguruwe wa kwetu Bukavu hawavigusi. Mtaa wetu mzima wa Murara umesikia. Wasikie.

Ijumaa, tarehe 5

Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wa Darius wanaleta mahari ya binti yangu Bénita. Wakulima, wafugaji, huko milimani Masisi. Mume wangu Baharanyi anasema ninunue viazi na maharage hapo kwa jirani. Kwa jirani! Afadhali nilale njaa.

Nimeenda supamaketi. Kuku wa barafu, mchele wa Asia, na frites za paketi, chipsi za viazi — zimeshamenywa, zimeshakatwa, hazina chembe ya udongo. Bénita kanuna. Eti kuku wa barafu hana ladha. Huyu mtoto hajui heshima.

Jumanne, tarehe 9

Mukabalisa kanisalimia. Nimepita.

Asubuhi lori limemshushia magunia. Nimemsikia anamuuliza dereva kama mke wa mkulima fulani kajifungua salama. Ndiyo biashara hiyo? Unanunua kiazi, unaulizia mtoto! Supamaketi hakuna aliyeniuliza kitu. Raha tupu.

Jumamosi, tarehe 13

Naandika chumbani, nimefunga mlango. Sebule imejaa watu na hakuna anayekula.

Wamefika saa tano. Muzee Ézéchiel, baba yake Darius, kashuka garini, na badala ya kuingia kwangu kaenda kumkumbatia nani? Mukabalisa! Kumbe ndiye kiliya wake, mnunuzi wake wa siku zote. Vile viazi ni vya shamba la muzee! Akatuhadithia wote tukiwa tumesimama: mwaka ule wanunuzi walipokimbia vita, huyu mama alipanda mwenyewe mpaka kwao kununua mavuno yasioze. Ndiyo sababu Darius alimaliza shule. Mimi nacheka meno nje tu.

Nikapakua. Muzee kachukua frite moja, kaigeuza-geuza.

— Mama Bénita, hii birayi, hii viazi, balilima wapi?

Na Baharanyi, mume gani huyu niliyepewa, kaenda kuchukua paketi na kuisoma kwa sauti. Ubelgiji! Kiazi cha Ubelgiji, kwa mtu wa Masisi! Wamecheka mpaka machozi. Hilo ningelivumilia. Lakini shangazi yake Darius alikuwa ametoka nje kunawa mikono. Karudi na habari ya nguruwe, kaipata kwa majirani.

Muzee kaweka sahani chini.

— Mi sitaki maneno ya njiani. Muniitie Mukabalisa, aseme yeye mwenyewe. Kama ni kweli mu hii nyumba banatukana chakula yenye inatulisha, siye tunarudi na mahari yetu. Kama ni uongo, tunakula.

Bénita hakulia. Aliniangalia tu. Sijawahi kumwogopa mtoto wangu, leo nimemwogopa. Nikakimbilia huku, nikasema natafuta kilemba.

Mukabalisa ameshaingia. Namsikia. Wamempa kiti, wamempa maji. Muzee kamuuliza, na yeye kajibu kwa ile sauti yake ya pole inayonichefua:

— Mama Bénita aje kwanza. Nitasema mbele yake.

Si aseme tu! Anataka kuniona uso. Kuomba msamaha? Mbele ya wakwe? Mbele ya Baharanyi na paketi yake? Na viazi vyenyewe vilikuwa vizuri, Mungu wangu, vilikuwa vizuri siku zote, ndiyo maana nilitaka nyongeza.

Bénita amegonga.

— Mama, banakungojea.

Amegonga tena. Safari hii hakuniita mama.

Neno moja tu la yule mwanamke na mtoto wangu haolewi. Ingekuwa mimi ndiye ninayeulizwa juu yake, ningekuwa nimeshasema.