Jina la Mwisho kwenye Orodha

Ofisi ya Mradi wa Mifereji,
Same.
Jumapili, 9 Machi 1997

Kwako dada yangu Veneranda,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako, na mama naye kifua kimetulia pamoja na vumbi lote la kiangazi hiki. Mimi huku Same nipo. Siwezi kusema naumwa, nimechoka tu, ule uchovu ambao mtu anaamka nao. Joto la huku unalijua, na upepo wa tambarare unatutia mchanga mpaka kwenye uji.

Barua yako aliyoshuka nayo Kuluthumu wa mitumba nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikatafuta kiti. Umenieleza kwamba maharage yamekauka yakiwa na maua, mahindi yamejikunja, na kwamba Alhamisi hii kikao cha ndiva, bwawa letu la kumwagilia, kitamwondoa Mzee Melkizedeki kwenye kazi ya lango, na wewe ndiye utakayesimama kumshtaki kwamba alibadilisha orodha ya zamu ili kukukomoa. Umeniomba niandike, kama mtu wa kompyuta, kwamba mashine haiwezi kumweka mtu mmoja mwisho mara tatu, ili karatasi yangu isomwe mbele ya watu. Basi naandika. Ila soma mpaka mwisho kabla hujaamua cha kufanya nayo.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata wewe sijawahi kukueleza vizuri. Unakumbuka nilipopunguzwa kule kwenye shamba la mkonge nilivyozunguka mwaka mzima na vyeti kwenye bahasha, nikila kwako. Nilipopata huu mkataba baada ya kozi ya Moshi, niliapa sitaupoteza kwa uzembe. Kazi waliyonipa ilikuwa moja. Kila jioni walinzi wa ndiva wanatuambia kwa redio ya upepo maji yamefika wapi bwawani. Alfajiri saa kumi na moja ile mashine kubwa, wenyewe tunaiita seva, inatakiwa iamke yenyewe, igawe maji, na ichapishe majina ya wenye zamu. Saa kumi na mbili Shamsa, mhudumu wetu anayefungua ofisi, anayasoma kwenye redio, na kule juu Mzee Melkizedeki anayaandika na kufungua lango. Siku ya uzinduzi bosi wetu, Mama Honorata, aliwaambia watu wa Myamba kwamba sasa ugomvi wa zamu umekwisha kwa sababu kompyuta haina ndugu. Mlipiga makofi. Mzee Melkizedeki, aliyezishika zamu hizo kichwani miaka ishirini na kitu bila kalamu, naye alipiga.

Programu ya kugawa maji niliiandika mimi. Unaandika kwanza kwa maneno yanayosomeka, halafu unaikompaili, yaani unaifunga iwe kitu kimoja kigumu ambacho mashine inakielewa lakini mtu hawezi tena kukifungua na kukisoma. Nakala ya maneno yanayosomeka niliitia kwenye disketi moja, nikaiweka kabatini, ikaota kuvu. Kwa hiyo nilibaki na kitu kilichofungwa, nisichoweza kuchungulia ndani yake.

Mwezi Januari, tulipoanza kuiacha mashine peke yake alfajiri, kikaanza kukataa. Mchana nikikaa mbele ya seva na kuiamuru, inachapisha vizuri kabisa. Alfajiri ikiachwa peke yake, hakuna kitu, karatasi nyeupe. Nililaumu mgao wa umeme, nikaomba betri ya akiba, tukaletewa baada ya wiki mbili za kubembeleza. Ikakataa. Nikalaumu saa ya mashine, nikairekebisha. Nikabadilisha waya wa printa. Nikampigia simu fundi wa Dar es Salaam kutoka posta, nikisimama kwenye foleni saa nzima ili niambiwe niizime na kuiwasha. Kuna siku nilikuja mwenyewe alfajiri kuiwinda, na siku hiyo ikafanya kazi kama mtoto anayejua anatazamwa. Nilikaribia kuamini kuna mtu ameturoga, na mimi nina cheti cha kompyuta.

Aliyemaliza mchezo ni Shamsa, ambaye kazi yake kwa mashine ile ni kuifuta vumbi. Aliniambia kwamba kila alfajiri inapokataa, huwa inakwaruza pale kwenye tundu la disketi, inatafuta, inatafuta, kisha inanyamaza. Akaniangalia shati, akauliza, "Kwani hicho unachoweka mfukoni kila jioni ni cha nani?"

Dada, nilikitoa mfukoni: ni disketi, si ile ya kabatini. Nilipokuwa naiandika ile programu, majina ya wakulima yalikuwa kwenye disketi yangu, na nikaiambia iyafuate huko. Nikaifunga hivyo hivyo. Na kila jioni disketi hiyo nilikuwa naichomoa na kuondoka nayo. Hakuna aliyeniagiza. Unakumbuka enzi za foleni mama alivyokuwa anakwenda mtoni na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye pindo la khanga, na anavyorudi nacho hata kikiwa kimebaki ukubwa wa ukucha? Alituchapa mimi na wewe siku tulipokiacha juu ya jiwe. Sasa maduka yamejaa sabuni za kila rangi, lakini mkono wangu bado hauachi kitu cha watu wala changu mahali ukaondoka. Nikiwepo, disketi ipo na mashine inafanya kazi. Nikiondoka, naondoka na majina yenu wote mfukoni.

Nimeiandika upya, majina nimeyaweka ndani ya seva yenyewe. Leo alfajiri nilisimama nje ya mlango, mifuko mitupu, nikaisikia printa ikianza yenyewe. Jina lako lilikuwa la nne. Sikufurahi hata kidogo, maana najua hakuna maharage ya kunywa hayo maji.

Sasa utaniuliza, kama mashine ilikuwa inatoa karatasi nyeupe, majina aliyoyasoma Shamsa asubuhi hizo yalitoka wapi. Yalitoka kwangu. Niliogopa Mama Honorata akijua programu imeshindwa, mkataba hautafika hata mwisho wa mwaka. Kwa hiyo alfajiri iliyokataa, Shamsa alimtuma mtu aniamshe, nikaja mbio na kandambili, disketi ikibaki nyumbani kwenye shati la jana, nikaiamuru mashine ikakataa, nikapanga zamu kwa kichwa changu na kuzichapa kwa ile ile printa, ili zifanane. Asubuhi kumi na moja nilifanya hivyo. Na katika hizo kumi na moja, zamu yako iliangukia tatu, na zote tatu ni mimi niliyekuweka mwisho.

Sikukuweka mwisho kwa kukuchukia. Nilifikiri kwamba kama siku moja itajulikana ni mkono wangu, basi angalau mtu asiseme nilimpendelea dada yangu. Kila nilipofika kwenye jina lako nililisogeza chini, na kila mara nilijiambia kesho nitalitanguliza, na kesho yake nikiwahi mwenyewe na mashine ikikubali, au zamu si yenu, napita. Na nisijifanye sikujua. Nimekulia kwenye ndiva ile ile. Najua wa mwisho anapata tope. Nilikausha shamba lililonilisha mwaka mzima, ili mimi nionekane msafi.

Kuna lingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi kuliko yote. Umeandika kwamba mara ya tatu ulimkuta Mzee Melkizedeki kwa macho yako, saa tano asubuhi, akichezea maji wakati si saa ya kufungua wala kufunga, na ulipomuuliza akanyamaza, na hapo ukajua kwamba anakuibia. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa pembeni ya redio. Mzee alimwomba Shamsa arudie orodha mara mbili. Kisha akauliza kama ni kweli mjane wa Nicolaus, yaani wewe, yuko mwisho tena. Akaomba ruhusa, maana zamu ya pili siku hiyo ilikuwa ya shamba lake mwenyewe, akasema, "Saa yangu mpeni yule mama, mimi nina mihogo, itavumilia." Shamsa akanitazama. Mimi nikamwambia amjibu kwamba orodha ni ya mashine na haibadilishwi.

Inaonekana hakunisikiliza. Pale ulipomkuta alikuwa anafunga mchepuko wa shamba lake ili maji yashuke kwako. Hayakutosha, lakini ndiyo yaliyofika. Na nadhani alikunyamazia kwa sababu kujitetea kwake kungekuwa kukiri kwamba amevunja orodha, na kwa kuvunja orodha mradi unaweza kumwondoa. Kumbe anaondolewa hivyo hivyo.

Jana nilimweleza Mama Honorata yote. Hakunifokea. Alifunga mlango, akasema wafadhili wanakuja mwezi ujao, na kwamba hakuna haja ya kuwachanganya. Ameniandalia taarifa ya nusu ukurasa inayosema majina yalisikika vibaya upande wa mpokeaji wa redio. Mpokeaji ni Mzee Melkizedeki. Nikitia sahihi, mkataba wangu unaongezwa mwaka mmoja, na jambo linakwisha. Karatasi hiyo iko hapa mezani kwangu ninapoandika, na mahali pa sahihi ni peupe, na patabaki hivyo. Kesho nitamrudishia. Huenda nikarudi kwako na bahasha yangu ya vyeti kwa mara ya pili, na safari hii huna hata maharage ya kunipa. Kama utafunga mlango, nitaelewa.

Hiyo ndiyo karatasi uliyoniomba, dada. Uliniambia niandike kwamba mashine haikosei. Kweli, kompyuta haina ndugu. Mwenye ndugu nilikuwa mimi, na nikamfanyia hivi. Nakuomba Alhamisi usimame kama ulivyopanga, lakini usome hii badala ya yale mashtaka, kabla mzee hajatakiwa kusema lolote. Usiruke mstari, hata pale penye jina langu.

Kuluthumu anapanda kesho na mizigo yake ya gulio, ndiye nitakayempa hii, akukabidhi mkononi. Mimi nitapanda na basi la Jumatano nikimaliza kukabidhi ofisi, nikichelewa msinisubiri, anzeni. Msalimie sana mama, na umwambie kipande chake cha sabuni nilikishika kupita kiasi. Wasalimie majirani wote wa mfereji. Mzee Melkizedeki usimpe salamu zangu. Shikamoo yake nitaileta mwenyewe, nikamwamkie pale langoni, watu wakinitazama.

Ni mimi mdogo wako,
Hezroni