Sumaku Zako na Ungo Wangu

Mjukuu wangu Elibariki,

Huku Mbulumbulu hatujambo, ila babu yako anakohoa. Barua yako naisoma tena na tena, sielewi. Unapanga sumaku zipishane ili chembe za umeme ziyumbe, zitoe mwanga. Kwa nini zisiende moja kwa moja tu? Tena ukizidisha nguvu mwanga unapotea, sasa unauliza kama uache masomo urudi.

Nilipoolewa, mama mkwe alinipa ungo wa ulezi wenye changarawe. Nikautikisa kwa nguvu, ulezi ukamwagika, kuku wakala. Akanishika mikono, tukauyumbisha taratibu, huku na huku. Changarawe zikajikusanya pembeni zenyewe. Mpaka leo sijui ziliitana vipi.

Chembe zako sizijui. Ila siku ile nilitaka kurudi kwetu Ganako. Sikurudi, na wewe upo.

Bibi yako