Mtu Anayekimbilia Mlangoni

Joubert Park, Johannesburg

Mdogo wangu Rehema,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na miguu ya Mama iwe imepungua uvimbe. Mimi mwili haujambo. Mengine soma peke yako, usimsomee Mama.

Nimepoteza kazi, na kwa kuwa nilikuwa nalala palepale karakana, sina pa kulala.

Unajua nilikuwa nachora mabango kwa Papa Kalala, Mkongomani. Kabla ya Kombe la Dunia tulipata kazi ya hoteli moja iliyongoja Wajapani, akaja Bi Keiko, Mjapani, kutufundisha michoro ya kwao isiyo na maneno. Kwao, alisema, hata chooni mchoro unakuonyesha ubonyeze wapi, na mgeni hupita stesheni nzima bila kusoma neno. Mchoro ukiisha hawaulizani kama umependeza. Wanamwonyesha mtu asiyehusika, wanamuuliza tu, "Unaona nini?" Ni mwiko kumsaidia. Rehema, sijawahi kupenda kazi kama ile.

Bi Keiko aliporudi kwao alituachia karatasi za michoro bila maelezo. Mmojawapo ulikuwa bakuli lenye mistari mitatu ya mvuke. Mtu wa Tanga aone nini hapo kama si supu ya asubuhi? Nikauchora mkubwa, nikaubandika kwenye mlango wa chumba cha kulia. Kumbe kwao ni alama ya bafu la maji moto, na hoteli ilikuwa nalo, chini ya ngazi. Wazee wawili wa Kijapani wakaingia na taulo shingoni mbele ya watu wanaokula mayai. Lingekuwa la mwingine ningecheka. Hoteli ikatunyang'anya kazi yote.

"Bageni banaingia na taulo ku chakula," Papa Kalala aliniambia bila kunitazama. "Mi sina namna tena, Salimu. Beba vitu yako."

Sasa nalala sakafuni kwa Mrundi mmoja hapo Hillbrow, watu saba chumba kimoja, na baridi ya huku inaingia mifupani. Barua ya mwajiri niliyoitegemea kwa kibali nayo imekwenda. Mitaani wanasema mpira ukiisha wageni tutafukuzwa. Jana nimelia kwenye foleni ya teksi, mtu mzima na ndevu zangu. Nataka kurudi na naona haya. Mama aliuza cherehani yake nisafiri, nitamwambia nini?

Msalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na Shangazi wa vitumbua, mwambie vyake havina mfano huku.

Mama hasomi, na wewe ukimsomea utayalainisha maneno, nakujua. Kwa hiyo nimemchorea karatasi ya pili: mtu anakimbia, na mbele yake mlango uko wazi. Mchoro huo huwekwa penye njia ya kutokea nje moto ukizuka. Mpe mkononi, umuulize, "Unaona nini?" Akisema mtu huyu anakimbia kwao, nitavumilia huku. Akisema anakimbilia kwao, niandikie upesi, nitakuja nilivyo.

Wewe usimsaidie. Mimi nimeshindwa, nimemsaidia kidogo: nimechora kandambili za Mama mwenyewe, amezivua nje ya mlango huo.

Kakako anayengoja jibu la Mama,
Salimu