Shamba Linalokula Mshahara Wangu

Jumamosi, 3 Julai 1999
Chai saa kumi na mbili. Hamedi keshatoka, kanzu kaifunga kiunoni, anakwenda shamba kumtazama Rafiqi, kibarua wetu, akifanya kazi. Ndiyo kilimo chake. Kutazama. Mume wangu huyu, tulipokuwa Tabora, alikuwa nyuma ya kaunta, akiuza khanga na mafuta ya taa. Jembe hajalishika. Tukaja Ibra, huku Omani, akarithi mitende arubaini ya babake, akageuka mkulima. Saa nne anarudi, anakaa barazani na wenzake, nasikia kutoka jikoni: "Alhamdulillahi, shamba linatulisha."
Linatulisha. Mshahara wangu wa ualimu ndio unaomlipa Rafiqi, unanunua mbolea, unalipia maji ya ziada ya falaji, mfereji wa mji mzima. Tende zetu hazinunui hata dawa ya wadudu. Nimenyamaza miaka. Nimechoka.

Jumanne, 6 Julai
Tende za mabsali zimeshakuwa manjano. Hizi hazingoji mtu. Zikatwe, zichemshwe katika sufuria kubwa za shaba, zianikwe juani, ndipo ziuzwe. Zikilainika mtini hazichemshiki tena, zinakuwa chakula cha mbuzi.
Mnunuzi alikuja kuzitazama. Alizitazama kama nguo za mtumba. Bei aliyotaja ni chini ya ile ya mwaka jana. Hamedi akamshukuru. Akampa na halwa yangu apeleke kwake.
Jioni nikamwambia yuko mtu anayetaka ile ardhi yetu ajenge duka la matairi, amuuzie. Kaniangalia kama nimemtukana mamake.

Ijumaa, 9 Julai
Nimemwambia. Kuanzia leo sitoi kitu. Shamba linatulisha, basi lijilishe lenyewe. Nilisema polepole, sahani ya wali iko baina yetu. Aliendelea kula. Mwisho akasema, "Mama Asma, utaniaibisha mbele ya watu."
Watu. Hicho ndicho alichokiona.

Jumapili, 11 Julai
Hamedi kaja na hila. Atamlipa Rafiqi kwa desturi ya zamani: katika kila mtende, kole moja, shada zima la tende, ni lake. Kamwita uani, kamweleza kwa fahari, kama anamgawia ufalme. Mie nilikuwa naanua nguo.
Rafiqi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika: "Baba, tende sitaki. Mimi kwetu nina shamba la mpunga. Ndugu yangu ndiye analima. Mimi nisipopeleka pesa, hana mbolea, shamba linakufa."
Shuka likaniponyoka. Kumbe mshahara wangu unalisha mashamba mawili. Moja hapa, moja Bangladeshi. Na huko nako, bila shaka, yuko bwana anayekaa barazani kujisifu. Nilicheka mpaka Hamedi akaingia ndani.

Jumatano, 14 Julai
Rafiqi kaondoka. Hamedi kamtilia saini karatasi ya kumruhusu abadili tajiri, kahamia kwa mwenye duka la saruji. Alikuja mlangoni kuniaga. Kaniita Mama. Miaka sita kakwea mitende yetu, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa ugomvi usiomhusu. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi, 17 Julai
Hamedi kakwea mtende. Ana miaka sitini na tatu. Kamba ya kukwelea kaifunga vibaya, kaifungua, kaifunga tena. Mpaka adhuhuri kakata makole ya mitende miwili. Mikono damu tupu.
Nilimtazama kutoka darini. Wale wenzake wa barazani walipita, wakamwombea Mungu ampe nguvu, wakenda zao kutafuta kivuli. Hata mmoja hakushika kole. Ndio hao wanaomaliza kahawa yangu.
Nawadharau wote. Na yeye namdharau, juu ya mtende kama chini.

Alhamisi, 22 Julai
Asma kaja kutoka Maskati kwa mapumziko ya wiki, leo na kesho Ijumaa. Kamwona babake mikono imefungwa vitambaa. Kanifuata jikoni. "Shikamoo Mama," kisha hapohapo, "unamuua Baba ili ushinde."
Nikamwambia anyamaze. Binti yangu anafanya kazi benki, mshahara wake wote anauvaa. Hana haki ya kunifundisha.
Lakini nilitoka. Nikafunga mtandio kichwani, nikachochea moto wa makuti, Asma akamimina tende, Hamedi akakoroga. Joto la Julai na moto juu yake. Macho yakatuchuruzika. Hakunishukuru. Nisingetaka.
Mitende kumi na mmoja ndiyo tuliyoiwahi. Iliyobaki imelainika, manyigu wamejaa.

Jumapili, 1 Agosti
Mnunuzi kaja, kachukua magunia. Hakukaa hata kunywa maji. Safari hii Hamedi hakumshukuru. Gari lilipopotea akasema, "Huyu mtu ananidharau."
"Miaka yote," nikamwambia.
"Na wewe?"
Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa mdomoni tangu Tabora. Nikaondoa sinia, nikaingia ndani. Kafahamu.

Jumamosi, 7 Agosti
Hamedi kenda kwa msimamizi wa falaji. Zamu yetu ya maji kaikodisha kwa jirani. Kabakisha ya mitende kumi, tende za kula nyumbani. Ardhi hauzi, lakini hatalima tena. Hakuniuliza. Kaniambia akinawa mikono, sauti ileile ya kuomba sabuni.
Alasiri maji yakaanza kupita mferejini kwenda kwa jirani. Tuliyasikia sote wawili. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno.
Barazani hapakuwa na mtu. Akaniuliza, bila kunitazama, asubuhi sasa atakuwa anakwenda wapi.
 Nikamtilia kahawa, nikakaa.